Wapenzi wa waini Mtwara na Lindi: magrupu yetu yanafia wapi?

Mshangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Huku kusini wapenzi wa waini tupo, ila tumetawanyika mno. Mwalimu yuko Newala, nesi yuko Ligula, kijana wa gesi yuko Msimbati, mwingine kazi imemtupa Nachingwea, na Kilwa Masoko kuna watu waliojifunzia waini kwa wageni wa hotelini. Kukutana ana kwa ana ni shughuli. Hata hapa Mtwara mjini ukiagiza waini nyekundu baa, jiandae kuletewa iliyotoka kwenye friji ya bia, ndani ya glasi ya juisi. Kwa hiyo kijiwe chetu ni simu, tupende tusipende.

Magrupu tunayafungua kwa mbwembwe, halafu yanakufa. Wiki ya kwanza makaribisho na makofi. Wiki ya pili kila mtu anatupia picha ya chupa: chupa mezani, chupa na miguu ufukweni, chupa na funguo za gari (hizi ndizo nyingi). Chini yake emoji za moto. Baadaye anaingia wa vitenge, anafuata wa mikopo ya haraka, mtu anatuma tangazo la harambee, basi. Kimya.

Kwa maoni yangu shida ni ile picha. Chupa uliyokunywa wewe mimi sijaionja, nitachangia nini zaidi ya hongera? Mazungumzo yanahitaji kitu ambacho wote tumekiweka mdomoni.

Wenzetu waliliona hili zamani. Gary Vaynerchuk, kijana wa duka la vinywaji la familia kule New Jersey, alianza mwaka 2006 kuweka video mtandaoni akionja waini na kutema kwenye ndoo ya timu anayoshabikia ya mpira wa Kimarekani. Aliendelea hadi 2011. Alikuwa anaongea kama shabiki kijiweni, siyo profesa, na watu walinunua chupa alizoonja ili wambishie kwenye maoni. Mwaka 2008 duka jingine, la Massachusetts, likaanzisha Twitter Taste Live: mnatangaziwa chupa mapema, kila mtu anaitafuta aliko, saa ikifika wote mnafungua na kuandika mnachokipata. Kipindi cha korona mwaka 2020 mtindo huo ukasambaa dunia nzima, watengenezaji wanawatumia watu vichupa vidogo nyumbani na kuonja nao kwa video.

Pendekezo langu ni hilohilo kwa kiwango chetu. Chupa moja, siku moja, saa moja, kila mtu kwake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 2 usiku. Bando la kawaida linatosha, maana ni kuandika tu, hakuna video.

Naomba kuwasilisha.

---

Pwezanazi

Nimekaa paleee na juisi yangu ya ukwaju. Wajuzi waje.

---

DadaLigula

Kaka Mshangani, wazo zuri lakini umeruka kitu kikubwa. Magrupu hayafi kwa picha tu. Wanawake tunatoka kimyakimya na hamjiulizi kwa nini.

Mimi nafanya kazi ofisi ya watu, mama mwenye nyumba wangu ni mtu wa swala tano na tunaheshimiana sana. Kwenye grupu la WhatsApp kila aliyemo anaiona namba yangu. Niliandika siku moja kuwa napenda nyeupe isiyo tamu sana. Dakika kumi hazijapita kuna mtu inboksi anauliza kama naishi peke yangu. Kuna dada mwingine skrinshoti yake ilizungushwa mpaka ikafika kwa bosi wake. Alikuwa ameandika nini? Kwamba chupa fulani ina harufu ya zambarau. Basi.

Kama mnataka tubaki, hamieni Telegram. Kule unaweza kuficha namba, ukatumia jina la kubuni kama tunavyofanya hapa. Marufuku sura za watu, marufuku kupeleka nje kilichoandikwa ndani. Anayemfuata mtu inboksi bila ruhusa anatolewa siku hiyohiyo, bila kikao cha usuluhishi.

---

Mshangani

Dada, umesema kweli tupu. Telegram imepita. Uadmini tushike wawili, mimi na wewe, kama utakubali.

---

DadaLigula

Nakubali, ila kufuta watu sitaomba ushauri.

---

AbuuMikindani

Asalaam aleikum. Mimi situmii kilevi na sitatumia, napita tu kwa kuwa uzi unahusu kwetu. Nawaomba mawili. Kwanza, mji huu wengi wetu ni Waislamu, hivyo yenu yafanyeni ndani, msiyalete kwenye stetasi za watu mnaojua wana watoto na wazee wanaoshika simu zao. Pili, hakikisheni hakuna mtoto wa chini ya miaka 18 anayepenya humo. Wanafunzi wa siku hizi wanajua kubuni majina kuliko nyie.

---

Mshangani

Waaleikum salaam maalim. Yote mawili tumeyapokea kwa heshima. Kuingia itakuwa kwa kudhaminiwa na mtu anayekufahamu.

---

ChupaKavu

Mimi niwe mkorofi kidogo. Kwa nini tuhangaike na grupu wakati Vivino ipo? Ni programu iliyoanzia Denmark mwaka 2010. Unapiga picha lebo, inakuletea nyota na maoni ya watu. Kuna na CellarTracker ya Mmarekani Eric LeVine, huko watu wameandika maelezo ya chupa zao miaka na miaka. Ukitaka kujua waini nzuri, unaangalia nyota. Mjadala wa nini?

---

BintiNewala

Mkuu ChupaKavu, nyota za nani? Vivino ninayo. Ukiiuliza chupa ya Bordeaux ya Ufaransa inakumwagia maoni ya maelfu. Iulize chupa ya Dodoma niliyoipata dukani hapa Newala: maoni mawili matatu, moja la mtalii aliyekunywa Zanzibar akaandika kwa Kijerumani. Na hizo nyota mara nyingi zinabeba zile nzito zenye utamutamu, kwa sababu ndizo zinazowapendeza wengi kwa mkupuo. Mimi nataka mtu wa Tandahimba aniambie chupa iliyokaa dukani kwa Mangi chini ya bati miezi mitatu bado inanyweka au imeshakuwa ya kupikia.

Halafu maelezo yenyewe: matunda ya Ulaya kama blakikaranti na guzberi, mara uyoga wa trufo. Mimi guzberi nimeiona kwenye picha. Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California kule Davis alipotengeneza lile duara la harufu za waini miaka ya 1980 alitaka watu wataje vitu wanavyovijua puani, siyo sifa za "tukufu" na "maridadi". Sawa, sasa puani kwangu kuna zambarau, ukwaju, ubuyu, embe dodo, moshi wa kuni na bibo lililoiva. Nikiandika hivyo Vivino nani atanielewa? Nikiandika kwenye grupu la kusini, watu wote wamenusa kabla sijamaliza sentensi.

---

ChupaKavu

Hapo kwenye bati umenipata. Naomba linki ya Telegram.

---

MgogoHombolo

Wakuu wa kusini, nawasalimu kutoka kwenye zabibu zenyewe. Mkianza na chupa ya Dodoma, jueni mnachokunywa.

Zabibu zililetwa huku na wamisionari, walihitaji divai ya misa. Nyekundu yetu kubwa inaitwa Makutupora, jina la pale kwenye kituo cha utafiti. Nyeupe nyingi ni za zabibu aina ya Chenin Blanc. Kwa jua letu mzabibu haulali kama Ulaya, kwa hiyo tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi halafu Agosti hadi Septemba. Ndiyo maana mwaka ulioandikwa kwenye lebo hausemi mengi kama unavyosema kwa chupa ya Ufaransa.

Ushauri wangu msianze na zile tamu za Dompo. Siyo kwamba ni mbaya, babu yangu angenipiga bakora nikisema hivyo. Ila sukari inafunika, mtaonja wote kitu kimoja, mjadala utaisha saa 2 na dakika tano. Chukueni nyekundu drai (isiyo tamu), lebo moja, ile inayopatikana Mtwara, Lindi na Masasi bila kuagiza Dar.

---

NahodhaKilwa

Kabla ya lebo tuongee joto, maana ndilo linalotuua huku pwani. Vitabu vinasema waini nyekundu inywewe kwenye joto la chumba. Chumba cha nani? Wao wanazungumzia nyuzi 16 hadi 18. Chumba changu Kilwa mwezi wa kumi na mbili kiko 30 na feni inazunguka.

Ukinunua, angalia shingo ya chupa. Kama kizibo kimejisukuma juu kidogo, au ukipitisha kidole chini ya kofia yake unakuta pananata, chupa hiyo imechemka njiani au dukani na waini imevuja pembeni ya kizibo. Irudishe. Za kizibo cha kuzungusha hazikuonyeshi hivyo, hapo pua tu ndiyo itakayokusaidia.

Na usafirishaji je? Dodoma mpaka Mtwara ni kama kilomita 1,000, na buti ya basi mchana ni tanuri. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 mimi naomba kifurushi changu kipande la usiku, kifike alfajiri. Mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Somanga, mzigo wa rafiki yangu ulilala njiani. Alipofungua alipata kitu kama siki iliyotiwa jamu.

---

Pwezanazi

Mkuu, ile mbinu ya kuzungushia chupa kitambaa kibichi inafanya kazi?

---

NahodhaKilwa

Dodoma ndiyo, hewa yao kavu, maji yanakauka haraka na chupa inapoa. Huku pwani hewa imeshajaa unyevu, kitambaa kinabaki kimelowa tu. Ndoo, barafu, maji na chumvi kiganja kimoja. Nyekundu dakika kumi, nyeupe nusu saa.

---

VinywajiJumla

Habari wapendwa, nina mzigo mpya kutoka Afrika Kusini bei ya kutupa, kreti nzima mpaka mlangoni. Karibuni inboksi tufanye biashara.

---

DadaLigula

Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri. Kaka, una leseni ya vileo ya halmashauri? Maana hata Facebook na Instagram zilipiga marufuku watu binafsi kuuziana pombe huko tangu 2019, na kwetu siyo soko pia.

---

ChupaKavu

Naongezea kwa faida ya wote. Chupa yoyote ya dukani iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA. Kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, unaskani stempu inakwambia bidhaa ni ipi. Ikikwambia ni soda na mkononi umeshika waini, mrudishie mwenyewe.

Na msidhani kuibiwa ni kwa maskini peke yao. Rudy Kurniawan aliwauzia matajiri wa Marekani waini za "zamani" alizochanganya mwenyewe nyumbani California. Akaponzwa na ujuaji wake: mwaka 2008 alipeleka mnadani New York chupa za Clos Saint-Denis za Ponsot zenye miaka ya 1945 hadi 1971, wakati familia ya Ponsot ilianza kutengeneza waini hiyo miaka ya 1980. Laurent Ponsot akapanda ndege kutoka Ufaransa kwenda kusimamisha mnada. Kurniawan alikamatwa 2012, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Wapenzi wa waini mtandaoni walikuwa wananong'onezana mashaka yao kabla polisi hawajagonga mlango. Hiyo ndiyo kazi ya kijiwe.

---

Mshangani

VinywajiJumla naona amepotea. Tuendelee.

Lebo tumekubaliana kule ndani, Makutupora nyekundu drai. Kila mtu aangalie shingo na stempu. Jumamosi saa 2 usiku. Wasiotaka Telegram waonje na sisi hapahapa, nitaacha uzi wazi. Kiasi ni glasi moja ya kuonja, ya pili ni shauri lako, na anayeendesha pikipiki kesho yake alfajiri ajue mwenyewe.

---

Mshangani (Jumamosi, saa 2:04 usiku)

Nimefungua. Rangi ni ya zambarau iliyokolea, pembeni ya glasi inaelekea matofali. Harufu ya kwanza moshi kidogo, halafu tunda lililoiva sana. Andikeni bila kusoma ya mwenzako.

---

NahodhaKilwa (2:09)

Umeme umekatika saa 12, barafu imeyeyuka, nakunywa ya joto. Pombe inapanda puani kabla ya kitu kingine chochote. Mdomoni laini, tamu kuliko nilivyotegemea, inaisha haraka. Nampa mbili juu ya tano.

---

BintiNewala (2:11)

Laini? Mkuu una chupa gani? Huku kwangu inakamata meno. Ukakasi kwenye fizi na uchachu wa ukwaju. Pombe siisikii kabisa puani. Mimi nampa nne.

---

DadaLigula (2:13)

Yangu imelala friji tangu mchana. Haina harufu yoyote, naapa. Mdomoni ni ukakasi mtupu.

---

MgogoHombolo (2:20)

Subirini msigombane. Chupa ni lebo moja, hata namba ya kundi chini ya lebo Mshangani na BintiNewala wametuma ni ileile. Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, usiku huu ana baridi ya bure. Nahodha yuko usawa wa bahari bila umeme. Waini ikiwa ya joto, pombe inaruka na utamu unajitokeza. Ikiwa baridi sana harufu inalala, unabaki na ukakasi. DadaLigula, ishike glasi kwa viganja viwili, izungushe, nusa tena baada ya muda.

---

DadaLigula (2:34)

Jamani.

Zambarau imetoka. Na kitu kama majani makavu ya chai. Ukakasi bado upo lakini umetulia, umeenda pembeni za ulimi. Nilitaka kuipa mbili, sasa naipa tatu na nusu.

---

NahodhaKilwa (2:41)

Jirani ana barafu, nimetuma mtoto. Wakati nasubiri nimejaribu na pweza wa kukaanga. Msifanye. Shaba mdomoni.

---

ChupaKavu (2:44)

Hilo lina maelezo. Watafiti wa Japani mwaka 2009 walionyesha kuwa chuma kilichomo kwenye waini, mara nyingi nyekundu, ndicho kinachoamsha ile shombo ukila na vitu vya baharini. Pweza mwekee Chenin Blanc. Hii nyekundu ile na korosho, mafuta ya korosho yanaubembeleza ukakasi.

---

Mshangani (2:52)

Korosho ninazo, za kukaanga kwenye mchanga na chumvi. Nathibitisha. Huu ndio msimu wa kwanza korosho zinanipa kitu zaidi ya stakabadhi ghalani.

---

BintiNewala (3:05)

Naona watu mmekuwa wengi hapa kuliko Telegram. Nahodha barafu imefika?

---

NahodhaKilwa (3:17)

Imefika. Natoa kauli yangu ya mwanzo. Tatu, na ukwaju nimeuona.

---

KibiboTandahimba (Jumapili)

Nimesoma uzi wote asubuhi hii. Nina hoja ya mwenye shamba. Kila msimu tunaokota korosho, mabibo yanaozea chini ya mikorosho kwa tani. Watafiti wa Naliendele wamekuwa wakifundisha vikundi kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Kikundi cha kwetu kimewahi kuutengeneza. Je, grupu lenu litauonja, au nyie ni wa zabibu tu?

---

MgogoHombolo

Bibo si zabibu, mkuu. Sheria za Ulaya waini ni ya zabibu peke yake. Nasema kwa upendo.

---

BintiNewala

Sheria za Ulaya zina duka Tandahimba? Watu wa Goa kule India wanakeneka pombe kali iitwayo feni kutokana na mabibo hayohayo na tangu 2009 jina hilo linalindwa kisheria kama mali ya Goa. Mimi nauonja.

Swali ni moja, Kibibo: ukakasi mmeutoaje? Bibo bichi linafunga koo.

---

KibiboTandahimba

Tunakamua siku hiyohiyo ya kuokota, bibo halisubiri kesho. Juisi tunaiwekea uji mwepesi wa wanga wa muhogo, unashika ule ukakasi na kuzama nao chini, tunachuja juu taratibu, ndipo tunaweka hamira. Tukitoa wote inakuwa kama maji ya sukari, kwa hiyo tunaacha kidogo. Kiasi gani cha kuacha ndicho tunachobishania kila mwaka.

---

DadaLigula

Hapo sasa. Huo ubishi ulete kwetu. Ila hatuuzi na hatununui humo, mtatoa sampuli tu, na nataka kujua chupa mnazichemsha vipi kabla ya kujaza.

---

KibiboTandahimba

Zinachemka dakika ishirini, nitatuma video. Mabibo yanaanza Oktoba hapa kwetu, mvinyo wa kuonjeka tuseme Januari. Vichupa vya robo lita navyo, tatizo usafiri wa Kilwa.

---

NahodhaKilwa

Leta mpaka stendi ya Lindi kwa basi la usiku. Kutoka hapo najua dereva wa kumpa.